Besi kuukuu haitoi sauti? Anza na jeki, pikapu iwe ya mwisho

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea besi (gitaa la nyuzi nne nene) aina ya Fender Precision ya miaka ya 1970, kaiviringisha ndani ya shuka. "Shikamoo fundi. Hii kaiacha marehemu babu. Fundi wa kwanza kasema pikapu imekufa, tutoboe mbao tuweke ya kisasa." Pikapu ni ile sumaku yenye koili ya waya chini ya nyuzi, inayogeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Nilipoifunua besi nikakuta mstatili umeshachorwa kwa penseli juu ya mbao, karibu na daraja (chuma kinachoshika nyuzi upande wa mwili), pale patasi ilipotarajiwa kupita. Nikamwitikia marahaba, nikamwambia akae, tupime kwanza.

Nitairudia besi hiyo mbele, maana matatizo mengi ya besi za zamani yalikuwa ndani yake. Hapa Tanga nimeshika besi zilizopita kwenye bendi za dansi na vikundi vya taarab, na nyingi zimeumizwa na matengenezo kuliko umri. Hitilafu ya shilingi chache inatibiwa kwa kung'oa kitu ambacho hakitengenezwi tena. Kwa hiyo ninafuata mpangilio mmoja: naanza na kile kinachofunguka na kurudi bila kuacha alama, namalizia na kile ambacho ukishakigusa hakirudi.

Ninazungumzia zaidi Precision, iliyotoka mwaka 1951, na Jazz Bass ya mwaka 1960, pamoja na nakala za Kijapani za miaka ya 1970 zilizofuata ramani hiyohiyo: uzi wa inchi 34 kutoka kichwani hadi kwenye daraja, na shingo inayofungwa kwa skrubu. Höfner na Gibson nyingi zina uzi mfupi na mambo yake mengine.

Vifaa ni vichache. Mita ya umeme, bisibisi ya nyota inayojaa vizuri kwenye skrubu (inayocheza itakula vichwa vya skrubu za zamani), chuma cha kulehemu, filageji (bapa nyembamba za kupimia nafasi) kama ya gereji, rula ya chuma, dira ndogo, na kopo la dawa ya kusafishia swichi na poti (vizungushio vya volyumu na toni). Ongeza bahasha za karatasi. Kila unachokitoa kiingie kwenye bahasha yenye maandishi, na upige picha kwa simu kabla ya kugusa waya wowote.

Kimya kabisa, au sauti inakatika-katika

Badilisha kwanza waya unaotoka kwenye gitaa hadi kwenye ampu, yaani kikuza sauti. Najua unaona ni jambo la kitoto, lakini nusu saa ya kufungua besi nzima kwa sababu ya waya mbovu inauma.

Kisha shika jeki, lile tundu la kuchomekea waya huo. Kwenye Precision iko kwenye kinga ya plastiki pamoja na poti. Kwenye Jazz iko kwenye sahani ya chuma. Ikizunguka ukiipinda kwa vidole, nati yake imelegea, na kila inapozunguka inasokota waya wa ndani mpaka ukatike. Ikaze huku umeishika kwa ndani, usiikaze ikiwa imefungwa kwenye kinga maana utausokota waya huohuo unaotaka kuuokoa. Halafu tazama ule ulimi unaobana ncha ya plagi. Huku pwani unavaa kutu ya kijani kwa ajili ya chumvi ya hewani, na ukizeeka unachoka kubana. Usugue kwa raba ya penseli, uupinde ndani kidogo kwa kidole. Besi nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa "zimekufa" hupona hapo hapo.

Kama bado ni kimya, mita itakuambia tatizo liko upande gani bila kufungua chochote. Chomeka waya kwenye besi, ncha ya pili ibaki mkononi. Fungua volyumu yote. Mita iwe kwenye omu, mguso mmoja kwenye ncha ya plagi na mwingine kwenye shina lake. Kwa Precision, ukisoma karibu kiloomu 10, pikapu ni nzima na njia yote ni nzima, kachunguze ampu. Kwa Jazz, pikapu mbili zikiwa wazi kwa pamoja, utasoma karibu 4, kwa sababu kila moja ni 7 au 8 na zimeungwa sambamba. Ukisoma karibu 250, unaipima poti yenyewe, maana pikapu imekatika au waya wake umeachia. Ukisoma sifuri, waya wa sauti umegusa ethi (waya wa ardhini) mahali fulani, mara nyingi umechunika na kulalia bati lililo chini ya kinga. Mita isiposoma kitu chochote, waya umekatika kati ya poti na jeki.

Namba hiyo moja imeniokolea pikapu nyingi.

Sauti ipo, lakini ni nyembamba au nyuzi mbili hazisikiki

Hapa panahitaji subira. Tangu mwaka 1957 pikapu ya Precision imegawanywa nusu mbili. Nusu moja inasikiliza uzi wa E na A (zile mbili nene), nyingine D na G. Zimeungwa kwa mfululizo, na nusu moja imezungushiwa waya kinyume na mwenzake huku sumaku zake zikiwa zimegeuzwa. Kwa hiyo mvumo unaoingia kila upande unafutwa na upande wa pili.

Kama nyuzi mbili tu ndizo hafifu, usikimbilie umeme. Tazama urefu. Chini ya pikapu za zamani kuna sponji inayozisukuma juu, na baada ya miaka 40 sponji hiyo inakuwa unga au uji unaonata. Pikapu inazama, nyuzi zake zinafifia. Toa unga wote, usiuache hata kidogo maana unashika unyevu, kisha weka sponji mpya na upandishe kwa skrubu. Kama urefu ni sawa na nyuzi mbili bado hazisikiki, pima kila nusu peke yake. Zote mbili zinatakiwa kukaribiana, kila moja kama kiloomu 5. Inayosoma chini sana kuliko mwenzake imepiga shoti ndani.

Kama nyuzi zote ni nyembamba, mfano wa redio ya jirani inayosikika kupitia ukutani, koili moja imekatika. Ndivyo ilivyokuwa besi ya yule kijana. Kwenye plagi nilisoma 250. Nikafungua kinga, nikapima nusu ya kwanza: 5.2. Nusu ya pili: hakuna kitu. Fundi wa kwanza alikuwa amepima sawasawa, koili ilikuwa imekatika kweli. Swali ambalo hakuuliza ni imekatikia wapi.

Waya wa koili hizi una unene wa milimita 0.06 hivi, mwembamba hata kuliko unywele wa wengi wetu. Una ncha mbili. Moja inaanzia ndani, chini ya maelfu ya mizunguko. Nyingine inaishia nje. Zote zimelehemiwa kwenye vitundu viwili vya shaba vilivyo kwenye bamba la chini. Ncha ya nje mara nyingi hukatikia palepale kwenye kitundu, kwa sababu hapo ndipo unyevu unapojikusanya na ndipo waya mnene unapovutwa watu wanapofungua kinga kwa pupa. Nilivaa kioo cha fundi saa, nikainamia chini ya taa. Pembeni ya kitundu palikuwa na doa la kijani dogo kuliko punje ya mtama, na kutoka hapo uzi wa shaba ulining'inia hewani, umejipinda kama ndevu ya kambale.

Nilifungua nusu mzunguko tu, kwa sindano. Nikakunja kipande cha msasa laini, nikaupitisha waya katikati mara mbili ili rangi yake ya kuhami itoke, nikagusisha risasi kidogo kwenye kitundu na kuondoa chuma upesi. Mita ikasoma 5.3. Nilizifunga nusu zote, nikapima kwenye plagi, ikasoma kumi. Kijana alikuwa ameacha kupiga gumzo na simu yake.

Baada ya kulehemu, pakaa tone la rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya ncha hiyo ili isitikisike. Na jambo moja usilifanye kamwe: usisukume zile sumaku kwa kidole wala kwa bisibisi ukidhani unarekebisha urefu. Kwenye pikapu hizi waya umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku. Sumaku ikisogea, koili inakatika ndani, na huko huwezi kufika.

Ikiwa ndiyo imekatikia ndani, kuna mafundi wa kuzungusha upya. Kabla ya kuwapelekea, weka dira juu ya kila nusu na uandike ncha ipi ya sindano imevutwa, waambie warudishe mwelekeo uleule wa mzunguko, na udai bamba la chini, sumaku na kifuniko virudi vyote. Bamba lenye mhuri wa tarehe ni cheti cha kuzaliwa cha besi.

Mvumo

Kwanza gusa nyuzi. Mvumo ukipungua, hilo ni jambo la kawaida. Usipobadilika, au ukipanda, waya wa ethi unaolala chini ya daraja umeachia au umepata kutu. Pima kati ya daraja na shina la plagi: mita isome karibu sifuri. Kama sivyo, toa skrubu za daraja, sugua mahali waya unapogusa chuma mpaka pang'ae, rudisha.

Jazz ina pikapu mbili zenye koili moja moja. Ukifungua volyumu zote mbili sawasawa mvumo unatakiwa kushuka sana. Ukipunguza moja, unarudi. Huo si ugonjwa. Ila kama hata zote zikiwa wazi mvumo haushuki, pikapu moja imebadilishwa na kuwekwa isiyo mwenza wake. Na kama zote mbili zikiwa wazi sauti inakuwa nyembamba kuliko kila moja peke yake, waya za pikapu moja zimegeuzwa. Zigeuze kwenye poti, kazi ya dakika tano.

Sasa la hatari. Ukigusa nyuzi na maiki kwa wakati mmoja ukahisi kupigwa mdomoni, zima kila kitu. Besi haina umeme wa kukupiga. Umeme huo unatoka kwenye ampu au kwenye soketi isiyo na ethi, na nyuzi zako zinaupitisha. Nimeona watu "wanatibu" kwa kukata waya wa chini ya daraja, au kwa kung'oa pini ya tatu ya plagi ili mvumo uishe. Kung'oa pini hiyo ndiko kunakoua. Ita fundi umeme atengeneze ethi ya ukumbi, na mpaka hapo usipige.

Poti zinakwaruza

Nyunyiza dawa ya kusafishia ndani ya tundu dogo la poti, zungusha mara 30 kwenda na kurudi, acha ikauke. Usitumie mafuta ya kulainishia bawaba, yanavuta vumbi. Kabla ya kutupa poti yoyote soma namba zilizogongwa mgongoni. 137 mwanzoni ni kiwanda cha CTS, 304 ni cha Stackpole, na namba zinazofuata ni mwaka na wiki. 1376633 ni CTS ya wiki ya 33 ya mwaka 1966, kwa hiyo, kama poti haijawahi kubadilishwa, besi haikukamilika kabla ya hapo, hata muuzaji akikuapia ni ya 1962.

Nyuzi zinatatarika, au ziko juu kama za kamba ya nguo

Watu wengi hushusha viti vya nyuzi kwenye daraja kwanza. Anza na shingo. Seti ya kawaida ya nyuzi nne inavuta karibu kilo 80, na kinachopingana nayo ni fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo. Hewa yetu ikibadilika kutoka kaskazi kwenda masika, mbao inasogea na mizani hiyo inasogea pia.

Tuni besi kama unavyoipiga. Bana uzi wa E kwenye freti (kijiti cha chuma kinachokatiza shingo) ya kwanza na kwenye freti pale shingo inapoungana na mwili, kisha pitisha filageji kati ya uzi na freti ya saba. Milimita 0.3 hadi 0.4 inafaa. Pasipo nafasi kabisa, shingo imenyooka mno au imepinda nyuma, na utasikia nyuzi zikitatarika kwenye freti za mwanzo. Nafasi ikiwa kubwa, nyuzi zinakuwa juu katikati na vidole vinachoka. Kaza nati ya fimbo kama nafasi ni kubwa, legeza kama haipo.

Tatizo ni kwamba kwenye Precision na Jazz nyingi za zamani nati hiyo imejificha kwenye kisigino cha shingo. Legeza nyuzi, fungua skrubu nne, toa shingo, geuza nati robo mzunguko, rudisha, tuni, pima. Ukikosea unarudia yote. Fanya hivyo bila kulalamika, maana njia ya mkato ni kuchimba mbao ili bisibisi ipite. Ukitoa shingo utakuta pengine kipande cha karatasi ngumu kwenye tundu lake. Kiwandani walikiweka kurekebisha pembe, kirudishe palepale. Tazama pia kama kuna tarehe ya penseli au mhuri kwenye kisigino. Jazz za tangu katikati ya miaka ya 1970 zenye skrubu tatu, nati yake iko kichwani, na shukuru.

Nati ikigoma, tone la mafuta ya kulegeza kutu, usiku mzima, ujaribu tena. Fimbo iliyokatika ndani ya shingo inadai kubandua ubao wa vidole. Rickenbacker 4001 za zamani zina fimbo mbili, na hizo hazikazwi kwa nguvu kabisa: shingo inapindwa kwa mkono hadi inapotakiwa, ndipo nati zinakazwa kuishikilia. Ukiilazimisha kwa spana, ubao wa vidole unabanduka.

Shingo ikishatulia ndipo ugeukie daraja. Kwenye freti ya 17, kipimo cha milimita 2.8 upande wa E na 2.4 upande wa G ni pa kuanzia. Uzi ukitatarika ukiwa wazi tu, lakini ukibana freti yoyote unatulia, mfereji wake kwenye kimfupa cha kichwani umeliwa. Mfupa wa mguu wa ng'ombe kutoka buchani, ukichemshwa, ukakaushwa siku kadhaa na kupigwa tupa, unatengeneza kimfupa bora kuliko plastiki ya dukani. Na ubao wa vidole wa rosewood ukimeguka, unga wa mpingo na gundi vinaziba vizuri. Ni mbao za ukoo mmoja, ingawa mpingo ni mweusi zaidi.

Noti zinakufa upesi

Noti moja au mbili tu, kwenye uzi wa G kati ya freti ya 5 na ya 7? Hilo ni umbile la besi hizi. Shingo yenyewe inatikisika kwa kasi ya noti hiyo na kuimeza. Jaribu kubana kitu kizito kidogo kichwani. Noti iliyokufa itahama au itapungua. Usipige msasa freti kwa ajili yake.

Noti zote fupi, zinadunda na kuzimika? Funua kile kifuniko cha kromu juu ya daraja kama bado kipo. Ndani kuna sponji. Leo Fender, mwasisi wa kampuni hiyo, aliiweka makusudi ili besi ilie kwa ufupi kama ile kubwa ya kusimama, na mpiga besi James Jamerson alipiga hivyo kule Detroit, kwa nyuzi za uso bapa asizozibadilisha. Binafsi naipenda sauti hiyo kwa dansi la zamani. Usipoipenda, sponji iingie kwenye bahasha.

Haikai tuni

Hapa chanzo mara nyingi ni skrubu za mashine za kukazia kulegea kwenye mbao. Kijiti cha meno na gundi ya seremala ndani ya tundu, kikauke, skrubu irudi. Kama uzi ukiwa wazi uko sawa lakini noti za juu ya shingo zinapotoka, linganisha sauti ya kengele ya freti ya 12 (uzi ukiguswa tu bila kubanwa) na noti iliyobanwa hapohapo. Iliyobanwa ikiwa juu, rudisha kiti cha uzi nyuma, mbali na shingo; ikiwa chini, sogeza mbele. Precision za kabla ya 1957 zina viti viwili kwa nyuzi nne, hivyo hazitakuwa sawa kikamilifu. Gawanya kosa kati ya nyuzi mbili, uendelee kupiga.

Kubadili vitu, na rangi

Sipingi mabadiliko. Pikapu mpya inayoingia kwenye tundu lilelile, daraja linalotumia matundu yaleyale ya skrubu, mashine mpya zisizohitaji kutoboa: weka, piga, siku ukichoka urudishe za zamani kutoka kwenye bahasha. Kitu kinachodai patasi ndicho ninachokikataa.

Rangi vivyo hivyo. Nyufa nyembamba kwenye rangi ya nitroselulosi ni uzee wa kawaida, na ukipaka upya, wanunuzi wengi wa vitu vya kale watakata bei karibu nusu. Angalia tu stendi yako: mipira ya stendi za bei nafuu inayeyusha rangi hiyo, ifunge kwa kitambaa cha pamba.

Ile Precision ya babu ilirudi nyumbani na pikapu yake, poti zake na sponji mpya. Mstatili wa penseli niliufuta kwa kitambaa chenye maji kidogo. Rangi chini yake haikuwa na mkwaruzo.